Pakiti ya karatasi ya kufundishia watoto mwezi wa angani, nimeitumia siku 30 hapa Mtwara

Habari zenu wazazi na walimu. Hii pakiti niliinunua kwenye duka moja la steshenari hapa Mtwara mjini kwa shilingi 7,500, nikajiambia siandiki chochote mpaka mwezi uzunguke wote, maana kitu cha kufundishia mwezi ukikisifia siku ya pili unakuwa bado hujakijaribu. Sasa zile siku zimeisha, nimeitumia na wanangu wawili, wa kike yuko darasa la nne na mdogo wake wa kiume yuko la pili, kwahiyo naandika nilichokiona.

Ndani kuna karatasi 6 za manila zimeshachorwa mistari, unakata mwenyewe kwa mkasi. Ukimaliza kukata unapata vitu vitatu. Kuna gurudumu, yaani duara mbili zinakaa moja juu ya nyingine, ya chini ina picha 8 za mwezi na ya juu ina kidirisha, katikati unazishika na ile pini ya miguu miwili unayoitanua kwa nyuma, ukizungusha mwezi unabadilika kidirishani. Halafu kuna vipande vya kuunda mpira mdogo wa karatasi, nusu mweupe nusu mweusi. Na kuna kalenda yenye viduara 30 vitupu, mtoto anajaza mwenyewe kila usiku alichokiona juu.

Manila yenyewe nzuri, haikuchanika hata mdogo alipokuwa anakatakata kwa nguvu. Ila gundi iliyowekwa ndani ilikuwa imeshakauka, ikabidi nitume mtu dukani, na hewa yetu hii ya bahari ikifika siku ya tatu gurudumu linaanza kujikunja. Nilibandika kipande cha boksi la biskuti kwa nyuma likatulia. Maneno yote pia ni ya Kiingereza, mtoto wa darasa la pili hapo haelewi kitu, nikabandika vikaratasi vyangu juu: mwezi mchanga, nusu, mpevu, na zile picha ambazo mwezi umevuka nusu ila haujajaa wanangu wakaziita mwezi wenye tumbo, tukaandika hivyohivyo.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni ule mpira. Unauchomeka kwenye penseli, mtoto anasimama katikati ya sebule yeye ndo dunia, wewe unamzunguka, na upande mweupe unauelekeza mlangoni muda wote kwa sababu mlango ndo jua. Mtoto anageuka polepole kuufuata. Ukiwa upande wa mlangoni anaona weusi mtupu, ukisogea anaona ukucha wa mweupe, ukifika ubavuni anaona nusu, ukipita nyuma yake kabisa anaona wote mweupe. Binti yangu alisimama pale akasema mama kumbe mwezi haukatwi, nusu yake inawaka siku zote, sisi ndo tunauona kutoka pembeni! Mimi nilikaa chini kabisa kwa furaha, kwa sababu hilo ndo somo lenyewe na hakuna aliyemwambia, kaliona kwa macho yake.

Mdogo wake yeye alishikilia kwamba ni kivuli cha dunia kinafunika mwezi, na nadhani watu wazima wengi tunaamini hivyo. Nikamkumbusha ile tarehe 7 Septemba 2025 usiku mwezi ulipopatwa ukawa mwekundu, tulitoka wote uani tukaangalia, pale ndo kilikuwa kivuli cha dunia na siku ile mwezi ulikuwa mpevu, na yote iliisha usiku uleule, haikuchukua wiki mbili. Akauliza sasa mbona haupatwi kila mwezi ukijaa. Hapo pakiti haina jibu, na tena picha yao imechora mwezi umebanana na dunia. Nikachukua nazi iliyofuliwa na ndimu ndogo, nikaiweka ndimu mita 3 na nusu kutoka kwenye nazi, maana umbali wa mwezi ni kama dunia 30 zimepangwa mstari, kilomita 384,000 na kitu, halafu nikamwonesha kwamba njia ya mwezi imeinama kidogo, nyuzi kama 5, kwahiyo ndimu mara nyingi inapita juu ya kivuli cha nazi au chini yake. Alielewa haraka kuliko nilivyotegemea. Wenye pakiti wangeongeza ukurasa mmoja tu wa hili jambo.

Sasa nije kwenye kasoro kubwa, na hii naomba muisome vizuri hasa mnaokaa huku kusini na pwani yote. Gurudumu limechora mwezi umesimama wima, mwanga upande wa kulia halafu maelekezo yanasema kulia kukiwaka mwezi unakua, kushoto kukiwaka unapungua. Tukatoka nje jioni ya pili baada ya mwezi kuandama, jua limeshazama, binti kashika gurudumu lake, anaangalia juu anaangalia karatasi, anaangalia juu tena. Mwezi wetu umelala! Pembe zote mbili ziko juu kama dau. Akaniambia mama nimekosea kubandika. Iliniuma, kwa sababu mtoto kafanya kila kitu sawa na karatasi ndo inamwambia kakosea.

Hakukosea. Ile picha ni ya watu wa kaskazini, Ulaya na Marekani, ambako mwezi unaonekana umesimama hivyo. Sisi Mtwara tuko kama nyuzi 10 tu kusini ya ikweta, jua likizama linashuka karibu moja kwa moja, mwezi mchanga unakuwa juu yake, na upande unaowaka ni ule unaolitazama jua, yaani wa chini. Ndo maana unalala, miezi mingine unainamia kidogo upande huu na mingine upande ule, lakini wima kama wa kwenye gurudumu hapa kwetu huuoni jioni. Na mwezi mzee wa alfajiri nao unalala vilevile kama dau, kwahiyo sheria ya kulia na kushoto haina kazi. Sheria ya kwetu ni saa na upande: ukiuona magharibi baada ya jua kuzama ni mchanga, ukiuona mashariki kabla ya jua kuchomoza ni mzee. Wanangu wa madrasa hawakuona shida hapo, wameshazoea kutafuta hilali upande wa magharibi wakati wa kuingia Ramadhani.

Tulichofanya tukachomoa pini, tukazikata zile picha za mwezi mwembamba kwenye duara la chini, tukazigeuza ili zilale kidirishani, tukabandika upya. Dakika 10 tu. Ila mzazi asiyejua atamlazimisha mtoto aamini karatasi kuliko macho yake.

Kalenda ya viduara 30 nilidhani watachoka siku ya tano. Hawakuchoka, na sababu ni babu yao. Tulienda Mikindani kumwona, binti akampa shikamoo halafu hapohapo akamfungulia kalenda. Baba yangu alivua miaka mingi, akaiangalia akaweka kidole kwenye kiduara cheusi na kwenye cheupe kilichojaa akasema, mjukuu wangu, hapa na hapa ni bamvua, siku moja mbili baadaye maji yanajaa sana na yanakupwa sana, na hapa kwenye nusu zote mbili ni maji mafu, hayajai sana wala hayakupwi sana. Akamwambia bamvua maji yanakupwa asubuhi kwenye saa 4 hivi ndo unaona kinamama wametoka na ndoo kuokota chaza na kutafuta pweza, na akamwambia wavuvi wa dagaa wanaovua kwa taa mwezi ukiwa mpevu wanapumzika, kwa sababu bahari yote ina mwanga, dagaa hawaifuati taa. Mtoto akachukua kalamu ya bluu akaanza kuchora mawimbi pembeni ya viduara. Tangu siku hiyo hakuna wa kumkumbusha, mwezi ukichelewa anausubiri, na unachelewa kweli, karibu dakika 50 kila siku, mpaka ikafika siku za mwisho nikawa namwamsha alfajiri kabla ya shule.

Usiku wa mwezi mpevu tulishuka ufukweni Shangani wakati wa magharibi, ukatoka baharini ule, mwekundumwekundu mkubwa, jua linazama nyuma yetu huku mwezi unapanda mbele yetu. Nikawaambia sasa nyinyi ndo mko katikati kama pale sebuleni. Mdogo akageuka kuangalia jua akageuka kuangalia mwezi, hakusema kitu.

Siku 4 kulikuwa na mawingu, tukachora wingu kwenye kiduara tukaendelea, msijaze kwa kubahatisha. Na kiduara cha 30 kikabaki na mgogoro kwa sababu mwezi wa angani ni siku 29 na nusu, darasa la pili akaniuliza mwezi wa kalenda mbona una 31. Kwa lugha yetu jina ni hilohilo moja kwahiyo swali lake ni la haki kabisa. Tulichukua kalenda ya ukutani na ya madrasa tukazilinganisha, tukaona ile ya madrasa inapokezana 29 na 30.

Kwa jumla naipa nyota 4 kati ya 5, nyota moja nimeikata kwa ule mwezi wa kusimama na maneno ya Kiingereza, gundi naisamehe. Kwa shule yenye watoto wengi sio lazima mnunue kila mtoto yake, mpira mmoja mkubwa wa karatasi wa kuunda wenyewe na penseli unatosha, ila kalenda kila mtoto awe na yake, na hiyo unaweza kuchora kwa kifuniko cha soda.

Juzi nimerudi dukani nikachukua nyingine ya watoto wa dada yangu walioko Lindi. Naituma na gundi mpya, kipande cha boksi kimeshakatwa, na karatasi ya maelekezo niliyoiandika upya kwa mkono, juu kabisa nimeanza na mchoro wa dau.