Madumu mawili ya siki: mafundi wa mguu wa boti, Msasani

Boti nyingi za Dar zinatembea na Yamaha ya kufunga nyuma, na fundi wa Yamaha humkosi ufukwe wowote. Yangu ina balaa lake. Mashine ni MerCruiser, imekaa ndani chini ya viti vya nyuma, halafu mguu wenye propela ndio unatokeza nje. Niliinunua Unguja kwa mtu aliyekuwa amechoka nayo, na haukupita mwaka nikajua alichoka na nini.

Mguu ulikuwa umegeuka mweupe. Siyo chumvi ya kufuta na kitambaa. Ni chokaa ngumu, kama ile inayoganda chini ya birika la maji ya kisima, na juu yake mirija ya vidudu vya baharini. Fundi wangu wa kwanza, ambaye simtaji, aliumwagia asidi ya kusafishia vyoo. Chokaa ilitoka kweli, tena fasta, ila ilitoka na rangi, na chuma kikabaki na vitundu kama uso wa aliyeugua ndui. Mguu ule ni wa aluminiamu, na asidi ile haichagui: chokaa inakula, aluminiamu nayo inakula.

Januari sindano ya joto ikaanza kupanda tukiwa na wageni njiani kwenda Mbudya. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja na vijana wake wawili pale Msasani. Hawana kibao, na kwa kuwa nina la kuwalalamikia, jina nalihifadhi.

"Shikamoo mzee, nimekuletea mgonjwa."

"Marahaba mwanangu. Huyu alishanyweshwa asidi, eh?"

Nilikuwa hata sijaanza kueleza.

Wao wanatumia siki nyeupe, ya kachumbari hiyohiyo. Madumu mawili ya lita 5 nilinunua mwenyewe. Wanalowesha matambara, wanauzungushia mguu mzima, kisha wanafunga juu na nailoni ya kufungia magodoro ili siki isikauke na jua. Ukisogeza sikio unasikia inachemka chinichini, chokaa inatoa mapovu. Baada ya saa moja hivi wanafungua, wanakwangua na kipande cha plastiki kilichokatwa kwenye ndoo kuukuu, wanasuuza, wanafunga upya. Kijana mmoja alitaka kuharakisha na brashi ya waya, mzee akamnyang'anya. Ilichukua siku mbili. Matundu ya kuvutia maji walizibua na njiti za mshikaki, moja baada ya jingine, na kila njiti ilitoka na unga mweupe nchani.

Lakini joto halikuwa la chokaa peke yake. Walifungua nusu ya chini ya mguu wakatoa impela, ile raba inayosukuma maji ya kupoza mashine. Ilikuwa imepoteza mapezi mawili. Hapa ndipo nilipowapendea hawa watu: mwingine angefunga impela mpya akadai hela yake. Mzee alisema hayo mapezi hayakwenda mbinguni, yako kwenye njia ya maji, na yakibaki humo mashine itaendelea kuchemka hata na impela mpya. Walihangaika karibu saa tatu. Vipande vyote viwili viliwekwa kwenye kiganja changu.

Oili ya gia waliimwaga mbele yangu. Ingekuwa na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameingia. Ilikuwa nyeusi tu, nikashusha pumzi. Mpya waliijaza kwa tundu la chini kwenda juu ili hewa itoke. Zile buti za raba zinazoziba pale mguu unapoungana na boti walizikunjua mkunjo kwa mkunjo wakitafuta nyufa, maana ikipasuka moja maji yanaweza kuingia mpaka ndani ya boti.

Zinki, vile vipande vya madini vinavyofungwa kwenye mguu ili viliwe vyenyewe badala ya aluminiamu, nilikwenda nazo mwenyewe, nimeagiza mtandaoni, najiona mjanja. Mzee akaipima moja mkononi, akacheka. "Hizi za magnesi, mwanangu. Peleka Mwanza." Za magnesi ni za maji baridi, kwenye chumvi zinaliwa upesi mno. Baharini ni zinki yenyewe au aluminiamu, na zisipakwe rangi. Pia aligoma kuupaka mguu rangi nyekundu ya chini ya boti, kwa sababu ina shaba, na shaba ikikutana na aluminiamu ndani ya maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoumia.

Sasa lawama. Waliniahidi Alhamisi, wakamaliza Jumapili. Kwingine siku tatu si kitu, ila mteremko wao ni mfupi na trela haifiki kwenye kina mpaka maji ya bamvua, yale makubwa yanayofuata mwezi. Bamvua likanipita. Boti ikakaa juu ya mchanga mpaka mwezi ulipogeuka, nikarudisha malipo ya wageni wa wikendi mbili, na simu zangu zikawa zinapokelewa na kijana anayesema mzee yuko msikitini, saa nne asubuhi. Bili yenyewe imeandikwa kwenye kipande cha boksi: ufundi 350,000, vipuri mbali. Kwa kazi niliyoiona si ghali, lakini anayehitaji risiti ya ofisini asiende.

Siku ya kuondoka mzee aliniuliza nasuuza na maji gani. Nikasema ya kisima, si yapo nyumbani bure. Akaguna. Visima vingi vya huku pwani vina chumvi na chokaa, kwa hiyo nilikuwa naupaka upya kilekile ninachojaribu kukiosha. Sasa nina simtanki la maji ya bomba ya DAWASA kwa ajili ya boti tu, navisha vile vikombe vya raba kwenye matundu, nafungua maji kwanza ndipo nawasha mashine, na nikimaliza mguu nauacha umeshuka ili maji yachuruzike. Binti yangu anasema boti inaoga maji mazuri kuliko yeye. Ni kweli.