Tathmini: chaja ya wati 65 na pawabenki ya mAh 20,000 kwa mtaalamu wa programu asiyetulia mji mmoja

Mtu ambaye kazi yake ni kuandika na kutunza programu za kompyuta, ambaye wiki hii yuko ofisini Dar es Salaam, wiki ijayo yuko Dodoma kwa mteja na baadaye Kigali au Dubai kwenye mkutano, anapaswa kuchagua chaja na pawabenki kwa uangalifu uleule anaouweka katika kuchagua simu. Simu ikichakaa itafanya kazi polepole, lakini chaji ikiisha kazi husimama, na mapumziko nayo hugeuka kuwa msako wa soketi. Nimekuwa nikitumia chaja ya galiamu nitraidi, zile zilizochapwa herufi GaN, yenye wati 65 na matundu matatu, pamoja na pawabenki ya mAh 20,000 (miliampia-saa, kipimo cha ujazo wa betri). Maoni yangu ni kwamba vifaa hivi viwili vinatosha kazini na kwenye starehe, mradi mnunuzi apate waya unaovifaa na ayajue mambo ambayo boksi halimwambii. Kampuni iliyovitengeneza sitaitaja, kwa sababu kampuni nyingi hutengeneza vifaa vya namna hii kwa vipimo vinavyokaribiana sana, na msomaji atanufaika zaidi akivijua vipimo hivyo.

Kubeba chaja moja kwa vifaa vyote ni jambo jipya kuliko tunavyodhani. Simu za iPhone zilianza kutumia tundu la USB-C mwezi Septemba 2023, na sheria ya Umoja wa Ulaya inayolazimisha tundu hilo kwenye simu, kamera na visikizi vya masikioni ilianza kutumika tarehe 28 Desemba 2024, huku kompyuta mpakato zikipewa hadi tarehe 28 Aprili 2026. Sheria hiyo ni ya Ulaya, lakini kiwanda hakitengenezi simu ya Ulaya kivyake na ya Kariakoo kivyake kwa ajili ya tundu tu, hivyo faida yake imetufikia na sisi.

Chaja yenyewe ni ndogo kiasi cha kufichika kiganjani. Udogo huo unatokana na galiamu nitraidi, ambayo huwasha na kuzima mkondo wa umeme kwa kasi kubwa kuliko silikoni na kupoteza nguvu kidogo zaidi kwa njia ya joto, kwa hiyo vipuri vya ndani vinaweza kupunguzwa ukubwa. Ukiichomeka kompyuta peke yake, inapata wati zote 65, yaani volti 20 kwa ampia 3.25, na betri hujaa kwa kasi ileile ya chaja nzito iliyokuja na kompyuta. Hapo sina lawama yoyote.

Lawama yangu inaanza pale kifaa cha pili kinapochomekwa. Wati 65 zilizoandikwa kwenye boksi ni za tundu moja tu. Matundu mawili yakitumika, chaja hii inatoa 45 kwa kompyuta na 20 kwa simu, na la tatu likiongezwa, tundu la pili na la tatu hugawana wati 15 za volti 5. Mgawanyo huo wenyewe haunisumbui, kwa kuwa kuandika msimbo wa programu kwa kawaida hakuzidi wati 20, na 45 zinatosha kuendesha kompyuta huku betri ikiendelea kujaa. Kinachosumbua ni namna mgawanyo unavyofanyika. Unapochomeka simu, chaja hukata umeme kwenye matundu yote kwa kitambo kifupi, hupatana upya na kila kifaa kuhusu volti na ampia, kisha huurudisha. Kwenye kompyuta utaona mwanga wa skrini ukipungua na kurudi, basi. Lakini ikiwa tundu mojawapo linalisha ruta ndogo ya intaneti isiyo na betri, ruta hiyo itazimika na kuwaka upya, na ukiwa katikati ya kikao cha video wenzako watabaki wakikuita bila jibu. Watengenezaji wangeweza kulieleza jambo hili kwa sentensi moja kwenye karatasi ya maelekezo, na kutolieleza ni kutomtendea haki mteja. Kwa sasa dawa yake ni kuchomeka vifaa vyote kabla ya kikao kuanza, na kutogusa kitu mpaka kimalizike.

Waya unahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu ndio unaowaponza wengi bila wao kujua. Waya wa kawaida wa USB-C umeruhusiwa kupitisha ampia 3 tu, maana yake wati 60 kwa volti 20, na ili upitishe zaidi ya hapo ni lazima uwe na kichipu kidogo ndani ya kichwa chake kinachoiarifu chaja kwamba waya huu unahimili ampia 5. Ukitumia waya usio na kichipu hicho, chaja ya wati 65 haitavuka 60, na kwa waya mwembamba wa bei ya chini, ule uliotengenezwa kwa ajili ya simu, unaweza kupata pungufu zaidi kwa sababu nguvu nyingine inapotea njiani na kuupasha waya moto. Tafuta uliochapwa 100W au 240W, na ukiwa dukani omba uujaribu na kompyuta yako mwenyewe. Baadhi ya wauzaji wana kile kipimo kidogo kinachochomekwa kati ya chaja na waya na kuonyesha volti na ampia kwenye kioo chake. Muuzaji anayekubali kukitumia mbele yako ni wa kumrudia.

Joto lipo. Kompyuta ikiwa inachaji kwa wati 65 zote, ganda la chaja hupata moto unaokufanya uliachie haraka, jambo ambalo ni la kawaida kwa kifaa kidogo kinachobeba nguvu nyingi, ila kuiacha kitandani chini ya mto au ndani ya begi ikiwa kazini ni hatari. Upande wa soketi, plagi yake ya pini tatu bapa inaingia bila adapta Tanzania, Kenya, Uganda, Oman na Dubai. Ukienda Kigali, Bujumbura au nchi nyingi za bara la Ulaya utakutana na soketi za pini mbili za mviringo, kwa hiyo adapta ndogo isikosekane begini. Chaja inakubali volti 100 hadi 240, hivyo kupungua kwa umeme jioni hakuizuii kufanya kazi. Ninachoomba kila mtu afanye ni kuichomoa umeme unapokatika, maana umeme unaporejea hurudi kwa kishindo. Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ianze kuzalisha umeme mwaka 2024 mgao si ule tuliouzoea, lakini kukatika kwa ghafla bado kupo, na chaja ya bei hii haifai kuchezewa.

Pawabenki ndiyo iliyobadilisha safari zangu kwa kiasi kikubwa. Namba ya mAh 20,000 inahesabiwa kwa volti 3.7 za betri iliyo ndani, kwa hiyo hifadhi yake halisi ni wati-saa 74 (ampia-saa 20 mara volti 3.7), na kipimo hicho cha wati-saa ndicho kinachofaa kulinganishwa. Sehemu ya nguvu hiyo hupotea wakati volti inapopandishwa. Simu yenye betri ya mAh 5,000 nategemea kuijaza mara tatu na ziada kidogo, wala si mara nne kama hesabu ya haraka inavyodai, na kompyuta mpakato nyepesi yenye betri ya wati-saa 50 na kitu huijaza karibu mara moja. Kwa kazi halisi, huo ni mchana mzima.

Nimeithamini zaidi kwenye treni ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma, safari iliyofunguliwa kwa abiria mwezi Julai 2024 na inayochukua takriban saa nne au pungufu. Zamani siku ya kwenda Dodoma kwa basi ilikuwa siku iliyokufa kikazi; leo naweza kumaliza kupitia msimbo wa wenzangu kabla hatujafika. Kinachokula chaji katika safari hiyo zaidi ya kompyuta ni simu inayogawa intaneti, kwa sababu treni inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa na simu inahama mnara mmoja hadi mwingine mfululizo, kisha inatafuta mawimbi kwa nguvu zote pale mtandao unapopotea, hasa kwenye mahandaki ya upande wa Kilosa. Simu ikiwa imeunganishwa na pawabenki tangu kituo cha Pugu, hilo halikupi wasiwasi.

Sasa niseme kuhusu bandia, jambo linaloniumiza kwa kweli. Kwenye maduka ya simu Kariakoo, na vivyo hivyo kwenye Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, utakuta pawabenki nyepesi kama pakiti ya biskuti zilizoandikwa mAh 50,000, na vijana wanaotoa pesa zao za jasho kuzinunua. Uzito hauwezi kudanganya. Seli moja ya lithiamu ya duara, ile ya ukubwa wa 18650, ina gramu 45 hivi na hubeba mAh 2,500 hadi 3,500, kwa hiyo ili ufikishe 20,000 unahitaji seli sita hadi nane, ambazo peke yake zina takriban gramu 300 kabla ya ganda na saketi. Hata zenye seli bapa hazitofautiani sana na hapo. Pawabenki ya 20,000 yenye gramu 200 ni ya uongo, na mtu anayedanganya namba ya ujazo sioni kwa nini asiruke pia saketi ya kuzuia betri isipate moto. Hata kwa kampuni yenye jina tatizo linaweza kutokea: mwezi Juni 2025 Anker iliziita zirudishwe pawabenki zaidi ya milioni moja za PowerCore 10000 zilizouzwa Marekani, kwa sababu ya hatari ya moto. Tofauti ni kwamba kampuni hiyo ilikuwa na namba za toleo za kufuatilia na ikabeba wajibu. Ile isiyo na jina haitakutafuta.

Kwenye ndege, wati-saa 74 ni ukubwa mzuri sana. Kanuni za usafiri wa anga zinakataza pawabenki ndani ya mzigo wa kukabidhi, zinaruhusu ya hadi wati-saa 100 mkononi bila kibali, na kati ya 100 na 160 zinataka idhini ya shirika la ndege. Baada ya ndege ya Air Busan kuungua ikiwa bado uwanjani Gimhae, Korea Kusini, tarehe 28 Januari 2025, ambapo waliokuwamo wote waliokolewa na wachunguzi wakaitaja pawabenki kuwa chanzo kinachowezekana, mashirika mengi yalikaza masharti. Emirates, ambayo wengi wetu hupanda tukitoka Dar es Salaam, tangu tarehe 1 Oktoba 2025 inaruhusu pawabenki moja kwa abiria, haitaki itumike wala ichajiwe angani, na haitaki iwekwe kwenye kabati la juu. Wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou nao wakumbuke kwamba, tangu Juni 2025, ndege za ndani ya China hazipokei pawabenki isiyo na alama ya 3C, yaani uthibitisho wa usalama wa China. Yangu ina maandishi ya wati-saa yaliyochorwa kwenye ganda lenyewe, na hilo ni jambo la kuangalia kabla ya kulipa, kwa kuwa maandishi ya karatasi hufutika, na mkaguzi asiyeweza kusoma ujazo ana haki ya kukunyang'anya.

Mwisho wa wiki Paje, Zanzibar, mahitaji ni mengine: kamera, visikizi, saa ya mkononi na kifaa cha kusomea vitabu. Hapo pawabenki ina tabia moja inayokera. Visikizi na saa huvuta mkondo mdogo mno, pawabenki inadhani hakuna kilichochomekwa, na baada ya muda inajizima. Asubuhi unakuta saa haina chaji. Yangu ina njia ya kuepuka hilo, kubonyeza kitufe mara mbili ili iendelee kutoa mkondo mdogo, lakini nimeona nyingine zisizo nayo, na kwa mtu wa vifaa vidogo hilo ni sharti la kununua. Nikishachaji vyote usiku, naweza kukaa ufukweni tangu maji kupwa hadi kujaa bila kurudi chumbani kuangalia asilimia, na hiyo ndiyo starehe niliyoifuata.

Kwa bei, chaja hii ilinigharimu chini kidogo ya shilingi laki moja na waya ukauzwa pembeni. Pawabenki ilizidi hapo. Anayebaki mjini na kompyuta yake mezani hahitaji kutumia kiasi hicho. Mwenye kompyuta kubwa ya kuhariri video au kucheza michezo asinunue ya wati 65, kwa sababu betri itaendelea kupungua kazi ikiwa nzito hata kama imechomekwa. Yeye atafute chaja ya wati 100 au 140, na pawabenki ya mAh 26,000 hivi, ambayo kwa wati-saa 96 bado inapita uwanja wa ndege bila kuomba kibali.