Atorvastatini ya miligramu 20: je, dawa ya kolesteroli inaleta saratani?

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni. Leo nimeshika pakiti hii, iangalieni vizuri. Atorvastatini, vidonge vya miligramu 20, dawa ya kushusha kolesteroli, au lehemu kama wengine mnavyoiita, au kwa lugha ya dukani "dawa ya mafuta kwenye damu". Ukoo wake unaitwa statini: yumo simvastatini, rosuvastatini, pravastatini na wengine. Msichanganye na nistatini tu, ile ni dawa ya fangasi.

Mimi ni mfamasia, na swali ninaloulizwa sana kuhusu pakiti hii si bei. Ni hili: "Dokta, ni kweli hizi dawa zinaleta kansa?" Anayeuliza namshukuru. Wanaonitia wasiwasi ni wale wasiouliza, wanaosikia maneno mtaani kisha wanaacha kunywa kimyakimya, na baadhi yao ni watu ambao wameshapata mshtuko wa moyo au kiharusi. Kwa mtu kama huyo kuacha ni hatari ya kweli, na hatari hiyo haisubiri miaka ishirini.

Jibu langu natanguliza: hapana, statini hazileti saratani. Lakini hofu hii haikutungwa kijiweni. Ilianzia maabara, kwa wanasayansi wenyewe, na ukijua ilianzaje utaelewa kwa nini leo nasema hapana bila kigugumizi.

Twende Japani. Mtafiti Akira Endo, wa kampuni ya Sankyo, alipima maelfu ya aina za kuvu na vimelea vingine akitafuta kitu cha kuzuia mwili kutengeneza kolesteroli. Akakipata mwaka 1973 kwenye kuvu ya bluu-kijani, jamii moja na ile iliyotupa penisilini. Ndiyo statini ya kwanza. Wagonjwa wenye kolesteroli ya kurithi wakaanza kupewa, na kolesteroli ikashuka. Halafu mwaka 1980 kampuni ikasimamisha kila kitu. Sababu ilikuwa mbwa: waliopewa dawa hiyo kwa miaka miwili walishukiwa kuwa na limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu.

Sasa sikilizeni kipimo walichopewa. Miligramu 100 au 200 kwa kila kilo ya uzito, kila siku. Mtu wa kilo 60 kwa kipimo hicho cha chini angemeza miligramu 6,000 kwa siku. Chukua vidonge vya ukubwa huu nilioshika, hesabu 300, meza leo, kesho tena 300, miaka miwili. Hata hivyo habari ilivuka bahari. Kampuni ya Merck ya Marekani, iliyokuwa na statini yake, lovastatini, nayo ikasimamisha majaribio kwa watu, ikarudi kwa wanyama, ikapima upya, na haikuona saratani ile. Lovastatini ikaidhinishwa Marekani mwaka 1987. Mimi naiheshimu ile hatua ya kusimama, kwa sababu ndivyo dawa inavyotakiwa kushughulikiwa ikitiliwa shaka.

Hofu ya pili ndiyo iliyovuma zaidi. Mwaka 2008, huko Norwei na nchi jirani za Ulaya, yalitoka matokeo ya utafiti uitwao SEAS. Wagonjwa 1,873 wenye vali ya moyo iliyokakamaa. Nusu walipewa simvastatini pamoja na dawa nyingine ya kolesteroli, ezetimibi. Nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa ndani. Baada ya miaka zaidi ya minne, waliopata saratani upande wa dawa walikuwa 105. Upande wa pili 70. Ukiziona namba hizo peke yake, lazima ushtuke. Magazeti yalishtuka, madaktari walishtuka, na wagonjwa wakaanza kuacha dawa.

Ila tazama kwa ndani. Saratani zenyewe zilikuwa za aina mbalimbali, zimetawanyika, hakuna moja uliyoweza kuinyooshea kidole. Na wakati huohuo kulikuwa na majaribio mengine mawili ya dawa hizohizo, yenye watu zaidi ya 20,000 kwa jumla. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford wakaomba takwimu zake kabla hayajaisha. Saratani mpya upande wa waliopewa dawa zote mbili: 313. Upande wa pili: 326. Yaani wenye dawa zote mbili walikuwa wachache kidogo! Mojawapo ya majaribio hayo, IMPROVE-IT, lilipokamilika na wagonjwa wake 18,144 waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa, waliopata saratani walikuwa asilimia 10.2 kwa waliopewa simvastatini na ezetimibi, na asilimia 10.2 kwa waliopewa simvastatini peke yake. Watu wakiwa wachache, bahati inaweza kukuchorea picha ambayo haipo. Wakiongezeka, picha inafutika.

Najua mtu ataniambia: saratani inachukua muda, miaka minne mitano haitoshi. Hoja nzuri, naikubali. Uingereza kulikuwa na utafiti wa watu 20,536 waliopewa simvastatini ya miligramu 40 au kidonge tupu kwa takriban miaka mitano. Baada ya hapo hawakuachwa. Waliendelea kufuatiliwa mpaka jumla ikafika miaka kumi na moja hivi. Saratani haikuongezeka kwa waliokunywa dawa, wala vifo vya saratani. Na mwaka 2012 yakakusanywa majaribio 27 ya statini, watu wapatao 175,000. Kwa mwaka mmoja, waliopata saratani ni asilimia 1.4 kwa wenye dawa, asilimia 1.4 kwa wasio na dawa.

Hapo hapo niseme na wale wanaotangaza kwamba statini inakinga saratani. Takwimu hizohizo zinawakatalia na ninyi. Usinunue pakiti hii kwa ajili hiyo.

Kuna jambo moja linalowachanganya hata watu waliosoma. Ukipima watu damu, utakuta baadhi ya wenye saratani wana kolesteroli ya chini sana. Basi mtu anasema, ona, kolesteroli ikishuka saratani inakuja. Mara nyingi ni kinyume chake: saratani ilikuwa imeshaingia, imejificha, na ugonjwa wenyewe ndio ulioshusha kolesteroli kabla daktari hajaugundua. Kwa hiyo kama hunywi statini, na kolesteroli yako imeshuka ghafla huku unapungua uzito bila sababu, mwone daktari akuchunguze.

Sasa turudi kwenye pakiti. Ndani kuna karatasi ya maelezo, usiitupe. Kinachostahili umakini wako kimeandikwa humo. Misuli: ikiuma au kulegea bila kazi nzito, sema. Ikiuma sana na mkojo ukawa mweusi kama kahawa, acha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu misuli ikivunjika inaumiza figo. Ni nadra, lakini ipo. Statini moja, ya kampuni ya Bayer, iliondolewa sokoni mwaka 2001 kwa sababu hiyohiyo. Sukari nayo inaweza kupanda kidogo, hasa kwa aliyekuwa ukingoni mwa kisukari. Mjamzito au anayenyonyesha asianze wala kuendelea kabla ya kuongea na daktari wake.

Na dawa zinazogombana nayo. Klarithromaisini na erithromaisini, antibiotiki tunazozitoa kila siku, zinaweza kuipandisha statini kwenye damu. Juisi ya balungi kwa wingi, vilevile. Kwa wenzetu wanaotumia ARV, hasa zile zenye ritonaviri, simvastatini hairuhusiwi kabisa, na atorvastatini inahitaji kipimo kidogo. Tafadhali mwambie anayekuhudumia, hata kama foleni ni ndefu. Omba kuongea naye pembeni. Msisikie hayo mkadhani statini haziwafai wenye VVU. Utafiti wa REPRIEVE, uliohusisha watu 7,769 wenye VVU, wakiwemo wenzetu wa Uganda, ulionyesha mwaka 2023 kwamba pitavastatini ilipunguza matatizo makubwa ya moyo kwa asilimia 35. Walichaguliwa kidonge kisichogombana na ARV zao.

Kuhusu namna ya kunywa: hii atorvastatini unaweza kunywa asubuhi au usiku, chagua saa moja uishike. Simvastatini ni ya usiku. Baada ya kuanza, rudia kipimo cha kolesteroli ndani ya wiki 4 hadi 12, uone kama inashuka, na majibu yake uyatunze. Video ijayo nitaifungua karatasi ya majibu hayo na kueleza kila mstari, ile LDL na HDL, aina mbili za kolesteroli mnazoniuliza.