Suti ya usaili kutoka kwa fundi cherehani wa eneo la Majengo, Dodoma

Tangu ofisi nyingi za Serikali zihamie Dodoma na wizara kujenga eneo la Mtumba, mwanamke anayetafuta suti nzuri ya kazini halazimiki tena kuagiza Dar es Salaam. Nilipoitwa kwenye usaili wa nafasi ya umeneja, nilipeleka kitambaa cha kijivu (nyeusi huonyesha kila chembe ya vumbi la mji huu) kwa fundi mmoja wa Majengo, si mbali na soko.

Mama huyu hana haraka na futi yake. Alinipima nikiwa nimesimama, kisha akaniketisha kwenye kigoda na kupima upya nyonga na urefu wa sketi, akinieleza kwamba sketi hupanda mtu anapokaa, na usaili ni wa kukaa. Koti limetoka safi: bitana imelala bila mkunjo, kola haibenuki, na ndani kuna mfuko wa kalamu, ambao mafundi wengi huwawekea wanaume tu.

Kasoro yake ni ahadi, kwani siku tatu alizonitajia zilifika tisa, na kifungo kimoja kiling'oka nikipanda daladala. Sidai kwamba suti ndiyo iliyonipa cheo, maana wasaili waliniuliza habari za bajeti. Ila sikuivuta sketi hata mara moja. Anayekwenda alipe nusu kwanza, na apeleke kitambaa wiki mbili kabla.