Springi za Hilux kwa kibanda cha kulala: gereji ya Mwanjelwa, Mbeya

Vijana wa gereji hii wanazijua springi, hilo siwanyimi. Nilipofunga kibanda cha kulala kwenye bodi, Hilux ilikaa kitako, taa za mbele zikamulika juu ya miti. Wakaongeza majani mawili (vyuma bapa vya springi) kila upande, wakabadilisha bushi na shokapu za nyuma, wakafunga yubolti ndefu zaidi, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli. Sasa naipita Mlima Nyoka bila kuyumba kwenye kona. Ila ukishusha kibanda, inakurusha kama punda! Fundi mkuu alinieleza wazi: springi ngumu haziongezi uzito ambao ekseli na breki ziliundwa kubeba. Bei wanaanzia juu, pataneni kabla hawajashika spana. Na mrudi kukaza yubolti springi zikishakaa, zangu zililegea.