Meza ya Sikukuu ya Shukrani: boga au majani?

Huko Marekani sikukuu hii huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, na watoto wakiwa nyumbani wanataka kazi ya mikono ya kupamba meza. Boga lililochongwa likawa chombo cha maua linapendeza kweli, ila kisu ni cha mtu mzima; mtoto anabaki kukomba mbegu kwa kijiko. (Zioshe, zitie chumvi, zikaange. Hapo ndipo utamu ulipo.) Tena lichonge siku moja kabla, maana likishakatwa huoza upesi.

Majani ya mwaloni ni ya bure: yaokoteni uani, yabaneni ndani ya kitabu kizito siku kadhaa, kisha kila jani liandikwe jina la mgeni na liwekwe mahali pake mezani. Hata wa miaka minne ataokota. Mimi nachagua majani. Boga nalipika kwa nazi.