Uzoefu wangu na dawa ya miti shamba ya kupunguza mwili, hapa Moshi

"Kilo 96! Mama, una kilo 96!" Yule dada wa dukani alipaza sauti mbele ya wateja wote, wakiwemo vijana wawili wa bodaboda waliofuata asali. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma hadi leo, kuliko hata ile shilingi 85,000 niliyolipa.

Duka liko mjini, jina silitaji. Nilikwenda kipindi kile cha baridi. Tangu nimzae wa tatu, na ule mtori wa kwa mama mkwe, mwili haukurudi. Nikapewa vidonge vya garcinia (tunda fulani la Asia) na chai ya kijani, pamoja na unga wa kuchemsha kila usiku. "Unayeyusha mafuta," akaniambia.

Nikanywa bila kuruka hata siku moja. Tumbo likawa linaendesha kila asubuhi. Siku moja natoka Himo na Hiace, tukakaribia Kiboriloni, ikabidi nimwombe konda anishushe. Aibu niliyoipata pale naijua mwenyewe.

Lakini mzani ulishuka! Kilo 4 kwa wiki 3. Siku hiyo ningeandika hapa kwamba dawa ni kiboko, nimbariki na aliyeitengeneza. Sasa mimi ni fundi cherehani, futi kamba iko shingoni kutwa. Nikajipima kiuno: inchi 41. Nilipoanza nilikuwa 41. Gauni langu la kitenge linabana palepale. Hizo kilo zilitoka wapi?

Mtoto wa dada yangu anasomea uuguzi. Akasoma maandishi madogo nyuma ya pakiti ya ule unga, akasema, "Mama mdogo, hii senna si ndiyo sanamaki?" Sanamaki! Ile tuliyopewa utotoni tukikosa choo! Inatoa maji na chumvi mwilini, mafuta haiyagusi. Kuhusu garcinia akanisomea jaribio la Marekani la mwaka 1998: watu 135 wanene, wiki 12, wote wamepangiwa mlo. Waliomeza garcinia walipungua wastani wa kilo 3.2. Waliomeza vidonge visivyo na dawa, 4.1.

Nikarudi dukani na futi yangu. Sikwenda kugombana, nilitaka kueleweshwa. Yule dada akacheka. "Mama, futi ni ya nguo, sisi tunatumia mzani. Na wewe utakuwa unakula usiku kwa kujificha." Mbele za watu, tena! Mtu wa kunizidi umri hayumo mle ndani, na hakuna aliyemkanya. Nikamuuliza: hii dawa mliijaribu kwa wanawake gani, na viuno vyao vilipungua inchi ngapi? Akageukia mteja mwingine.

Sisemi miti shamba ni uongo, mimi mwenyewe nimelelewa nayo. Mchaichai na tangawizi nakunywa mpaka sasa. Na labda kwa mtu aliyekosa choo siku mbili tatu, ule unga unaweza kumfaa... Hapana, naghairi. Sanamaki inauzwa sokoni kwa bei ndogo, tena kwa jina lake. Msiinunue pale.

Kilo 3 zimesharudi, hazikumaliza hata wiki mbili tangu niache. Lile gauni nimelifumua pembeni, nikaongeza inchi 2.